WATOTO WATACHEZA TENA MJINI
Somo kwa wazazi juu ya shule ya chekechea ya ushirika

Masomo: Zekaria 8:1-8, Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Nehemia 3
Aya ya kukariri: Zekaria 8:5

 

Mwezi uliopita, baada ya ibada, baba mmoja alitungoja mlangoni. Alikuwa na heshima, lakini alikuwa na hasira pia. Alisema: "Mchungaji, ninamleta mtoto wangu asubuhi ili asome. Jioni ninamuuliza umejifunza nini, ananiambia tulicheza. Kesho yake ninamuuliza tena, tulicheza. Mimi nilipoteza shule yangu kwa sababu ya vita. Je, mtoto wangu naye aipoteze kwa sababu ya michezo?"

Hatukumcheka, wala hatukumjibu haraka. Yule baba anasema yale ambayo wengi wanayawaza kimya. Tena wiki mbili baadaye wazee wa kanisa walituuliza kama kile chumba cha nyuma kiendelee kuwa cha watoto au kipangishwe ili kisaidie kulipa kodi ya kanisa. Hayo ndiyo maswali mawili yaliyo mbele yetu. Tumeona vema tuyajibu kwa Neno la Mungu kwanza, kisha kwa mambo ambayo watu wengine wamekwisha kuyajaribu, kisha kwa yale tuliyoyaona sisi wenyewe.

1. ALAMA YA MJI ULIOPONYWA

Zekaria alihubiri kwa watu waliotoka uhamishoni Babeli. Ilikuwa yapata mwaka 518 kabla ya Kristo. Hekalu lilikuwa bado linajengwa. Kuta za Yerusalemu zilikuwa bado zimebomoka, na zingekaa hivyo zaidi ya miaka 70 mpaka Nehemia alipokuja. Watu walikuwa wachache na maskini. Ndipo Mungu akawaonyesha kwa kinywa cha nabii jinsi mji utakavyokuwa siku atakapourudia.

Angalieni alama alizowapa. Hakutaja kwanza dhahabu, wala jeshi, wala maghala yaliyojaa. Alitaja wazee waliokaa njiani na fimbo zao mkononi kwa sababu ya kuishi siku nyingi, na wavulana na wasichana wanaojaza njia za mji kwa kucheza. Katika aya ya 6 Mungu mwenyewe anakubali kwamba jambo hili litaonekana gumu machoni pa mabaki ya watu. Alijua. Mtu aliyeona vita haamini kirahisi kwamba watoto watacheza tena njiani bila hofu.

Sisi tulioikimbia Kongo, Burundi, Rwanda na Sudani Kusini tunaielewa aya hii kuliko wasomi. Mahali penye vita, kelele za watoto ndizo za kwanza kunyamaza. Wengi wetu tulitembea usiku kucha na mtoto mgongoni, mkono wetu ukiwa juu ya kinywa chake ili asilie.

Tulipofungua kile chumba cha nyuma, mchezo wa kwanza tuliouona ulikuwa huu: watoto watatu walifunga kamba kati ya viti viwili, mmoja akashika kijiti kama bunduki, wengine wakapita mmoja mmoja wakiombwa karatasi. Walikuwa wanacheza kizuizi cha barabarani. Mama mmoja alilia, akataka tuwakataze. Hatukuwakataza. Tulikaa karibu nao. Baada ya wiki kadhaa kamba ile ile ilikuwa duka, na mwenye kijiti alikuwa anauza nyanya. Baadaye ikawa kanisa, tena mchungaji wao alikuwa anahubiri kwa muda mrefu sana.

Mtoto hana maneno ya kueleza yale aliyoyaona. Huyatoa kwa mchezo, akayageuza kidogo kidogo mpaka yasimtishe tena. Mara nyingi mtoto ambaye hachezi kabisa ndiye anayehitaji maombi yetu zaidi na msaada wetu zaidi.

2. YESU ALIWAANGALIA WATOTO WAKICHEZA

Tusome Mathayo 11:16-17. Bwana alipotaka kukilinganisha kizazi chake, alitumia mfano wa watoto waliokaa sokoni. Walipiga filimbi, wenzao wasicheze. Wakaomboleza, wenzao wasilie. Maana yake watoto wa Galilaya walikuwa wakicheza harusi na kucheza matanga, kama watoto wetu hapa Katwe na Nsambya. Bwana asingeweza kutumia mfano huo kama hakuwa amesimama akawatazama.

Na katika Marko 10:13-16 wanafunzi walipowazuia watoto, Yesu alikasirika. Si mara nyingi Injili inatuambia kwamba Bwana alikasirika. Hapo alikasirika kwa sababu watu wazima waliona kwamba watoto wanapoteza wakati wa kazi muhimu.

Sasa tumjibu yule baba. Mtoto wa miaka minne anapocheza, anajifunza nini?

(a) Anapopanga vizibo vya soda, vyekundu huku na vya kijani huku, anajifunza kutenganisha na kuhesabu. Anayejua kwamba vizibo vitano ni vingi kuliko vitatu, kwa sababu amevishika, huyo ameielewa hesabu. Anayeimba tu moja mpaka ishirini bado hajaielewa.

(b) Anapomimina maji kutoka kwenye kopo kubwa kuingia kwenye makopo madogo, anajifunza kipimo. Mama zetu wanaouza mafuta ya kupikia kwa vipimo wanajua faida ya elimu hiyo.

(c) Anapofinyanga udongo, kukaza kamba na kufungua vifungo, vidole vyake vinapata nguvu. Kidole kisicho na nguvu hakiwezi kushika kalamu ya risasi. Mtoto anayepigwa kwa sababu herufi yake imepinda, mara nyingi kosa si la akili bali la vidole ambavyo havijakomaa.

(d) Anapocheza duka, anajifunza maneno, tena kwa lugha mbili au tatu. Pale chumbani mtoto mmoja huuza kwa Kiswahili na mwenzake hununua kwa Kiganda.

(e) Anapongoja zamu yake kuruka kamba, anajifunza kujizuia. Anapogombana na mwenzake na kupatana naye, anajifunza msamaha. Hilo hata sisi wazee wa kanisa hatujamaliza kulisoma.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika mji wa Ypsilanti, Marekani, walichukua watoto 123 wa familia maskini kuanzia mwaka 1962. Wengine, 58, walipelekwa katika shule ya awali ambapo mtoto hupanga anachotaka kufanya, hukifanya, kisha hueleza alichofanya. Mwalimu pia alimtembelea mama nyumbani kila wiki. Wengine, 65, hawakupelekwa. Waliwafuata mpaka walipofikia umri wa miaka 40. Wale waliopata shule ile, kwa jumla, walimaliza masomo kwa wingi zaidi, walikuwa na mapato makubwa zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wenzao. Walianza kwa kucheza, na kucheza kule hakukuwazuia kusoma.

3. KWA NINI WAZAZI WENYEWE?

Mwingine atasema: "Sawa, wacheze. Lakini si kazi ya walimu? Sisi tunatafuta chakula."

Tuanze na hali ilivyo. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 22, unasema mkimbizi apewe elimu ya msingi sawa na mwananchi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inafuata njia hiyo. Tena mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza mwaka 1997 huanzia darasa la kwanza. Tunaishukuru Uganda kwa mlango huo. Lakini mlango huo ni wa mtoto wa miaka sita na kuendelea. Mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano yuko nje yake. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliiacha elimu ya awali mikononi mwa watu binafsi na jumuiya, na gharama juu ya wazazi. Ndiyo maana nasari zinalipisha ada, na ndiyo maana watoto wengi wa wakimbizi mjini wanashinda wamefungiwa ndani ya muzigo, mlango una kufuli kwa nje, mama yuko barabarani na vitenge au shanga begani. Hatumhukumu mama huyo. Tumewazika watoto kwa sababu ya moto wa jiko na mshumaa. Tunajua kinachomsukuma, na tunajua anavyoomba njia nzima mpaka arudi.

Ushirika wa wazazi unajibu shida hiyo. Asiye na fedha ana siku. Akitoa siku yake moja kwa watoto wa wote, wenzake humlindia wake siku nyingine.

Haya si mapya. Nehemia sura ya 3 inataja majina mengi, na mara kwa mara inasema mtu fulani alijenga sehemu ya ukuta iliyoelekea nyumba yake. Hawakungoja mafundi wa mfalme wa Uajemi. Aya ya 12 inamtaja Shalumu, aliyejenga pamoja na binti zake. Na aya ya 5 inawataja wakuu wa Watekoa, ambao hawakukubali kuitia shingo yao katika kazi. Biblia imewaandika nao, ili kila baba ajiulize jina lake litaandikwa aya ipi.

Na Kumbukumbu la Torati 6:7 inampa mzazi kazi ya kumfundisha mtoto aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo. Kazi hiyo Musa hakuwapa Walawi peke yao.

4. WENGINE WALIOTUTANGULIA

Tuwape mifano mitatu, yote ya watu waliokuwa katika shida.

Wa kwanza ni Italia, mwaka 1945. Vita ilipokwisha, watu wa kijiji cha Villa Cella karibu na mji wa Reggio Emilia walikuwa na kifaru kimoja, malori kadhaa na farasi wachache walioachwa na Wajerumani waliokuwa wakikimbia. Wakaviuza. Wangeweza kugawana fedha, na njaa ilikuwepo. Waliamua kujenga shule ya watoto wadogo. Walisafisha matofali ya nyumba zilizobomolewa na mabomu, wakajenga kwa mikono yao, wanawake na wanaume. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, alisikia habari, akapanda baiskeli kwenda kuona, akabaki nao. Leo walimu wa nchi nyingi husafiri kwenda Reggio Emilia kujifunza. Wapendwa, shule hiyo ilianza kwa bei ya chuma cha vita.

Wa pili ni New Zealand, mwaka 1941. Waume walikuwa vitani ng'ambo. Katika mji wa Wellington akina mama walioachwa peke yao na watoto walianza kukutana na kulinda watoto kwa zamu, watoto wakicheza na mama wengine wakipata nafasi ya kupumua. Kutoka hapo vikaenea vituo vya michezo nchi nzima vinavyoendeshwa na wazazi, na wazazi wenyewe husoma masomo ya malezi. Vipo hata leo.

Wa tatu ni jirani zetu hapa hapa. Mwaka 1986 Waislamu wa Mombasa waliona kwamba watoto wao wanaachwa nyuma shuleni kwa kukosa elimu ya awali. Kwa msaada wa Shirika la Aga Khan, mwalimu mmoja, Bi Swafiya Said, alianza kuwafundisha wanawake wa mitaani kuwa walimu wa watoto wadogo. Mwaka 1990 kazi ilifika Zanzibar, na mwaka 1993 ikafika Kampala. Jumuiya yenyewe ndiyo inayoomba, inatoa mahali, inachagua kamati na kuchagua kina dada wa mtaa huo wafundishwe. Vifaa hutengenezwa kwa vitu vya nyumbani: vifuu vya nazi, vizibo, mbegu, vitambaa, maboksi. Vilianzishwa vituo zaidi ya 200 katika nchi hizo tatu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto wa vituo hivyo waliendelea vizuri kuliko waliobaki nyumbani, na hata kuliko wa shule nyingine za awali zilizolinganishwa nao.

Ndugu mmoja alituuliza kama ni halali kanisa kujifunza kwa Waislamu. Tulimkumbusha Msamaria wa Luka 10. Bwana hakusema tu kwamba tumpende jirani. Alimwambia mwanasheria aende akafanye kama yule Msamaria alivyofanya.

5. JINSI TUNAVYOENDESHA

Hesabu yake ni hii. Familia ni 24. Kila siku wazazi wawili wanakuja kumsaidia mwalimu. Basi kila familia inafikiwa na zamu mara moja katika siku 12 za masomo. Mama anayeuza vitenge anapoteza asubuhi moja, anapata asubuhi kumi na moja ambazo mtoto wake yuko salama na moyo wake umetulia. Hilo tunaliita faida.

Asubuhi iko hivi:
- Saa mbili na nusu: kupokea watoto. Kila mmoja huchukua kikadi chenye jina lake na kukitundika. Hilo ndilo daftari la mahudhurio, na ndiyo kusoma kwao kwa kwanza.
- Kisha duara: wimbo, sala fupi, habari za nyumbani. Kila mtoto anasema atacheza wapi.
- Kisha pembe nne: pembe ya duka na nyumba, pembe ya mabaki ya mbao tuliyopewa na seremala, pembe ya maji na udongo, pembe ya picha na hadithi. Hapo ndipo saa nzima hupita. Mzazi hakai kwenye kiti akiangalia simu. Anakaa chini, anauliza, anasikiliza.
- Kisha kila mtoto anaeleza alichofanya.
- Uji, kunawa mikono, michezo ya nje: kuruka kamba, mpira wa majani makavu ya migomba, kwepena kwa wakubwa.
- Hadithi ya Biblia, kisha nyumbani saa sita.

Sheria zetu ni chache, lakini hazivunjwi. Hakuna fimbo. Hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mtoto mahali pa siri, hata akiwa mchungaji. Lango limefungwa, na mtoto hakabidhiwi kwa mtu ambaye jina lake halikuandikwa. Fedha za uji hupokelewa na watu wawili, na hesabu husomwa mbele ya wote kila mwezi.

Tena tumewakaribisha watoto wa jirani zetu Waganda. Mama mmoja Mganda akija zamu yake huwafundisha wote nyimbo za kwao. Yeremia 29:7 inatuagiza kuutakia amani mji tuliohamishiwa, na amani hiyo inaanza watoto wanapojuana majina.

6. MAKOSA YETU

Hatupendi kuandika kana kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, kuanzia Machi 2020 mpaka Januari 2022, tuliona watoto wamekaa bure karibu miaka miwili. Zilipofunguliwa tulikimbilia kufungua chumba, na tulifungua vibaya.

Kosa la kwanza: tuliwapanga watoto wa miaka minne kwenye mabenchi, ubao mbele, na tukawaandikia herufi kutwa. Tuliiga shule tuliyoijua sisi. Mtoto mmoja alijikojolea kwa kuogopa kuomba ruhusa, wenzake wakacheka, na mwalimu akamsimamisha mbele. Hakurudi tena. Mwalimu alifanya tulivyomwelekeza, basi kosa ni letu. Tulikwenda nyumbani kwao kuomba msamaha, kwa mama na kwa mtoto.

Kosa la pili: tuliwaambia wazazi watoe fedha tu. Mwezi wa tatu nusu hawakuweza, wakaona haya, wakaacha kuleta watoto. Tulipobadili tukaomba siku badala ya fedha nyingi, walirudi.

Kosa la tatu: tuliwaacha wamama watupu wafanye kazi. Zamu ya baba ikifika, alimtuma mke wake. Miezi mingi tulinyamaza. Sasa hatunyamazi.

7. MASWALI MAGUMU

"Je, mtoto wangu atapita usaili wa darasa la kwanza?" Tuseme kweli. Shule moja iliwakataa watoto wetu wawili kwa sababu hawakujibu kwa Kiingereza. Walipata nafasi kwingine, lakini iliwaumiza. Tangu hapo, katika muhula wa mwisho tunaongeza salamu, rangi, hesabu na maagizo mafupi kwa Kiingereza, kwa nyimbo na michezo, na kila mtoto anaandika jina lake. Hatujaacha mchezo, tumeongeza lugha ndani yake.

"Na Kiswahili chetu? Na lugha za nyumbani?" Tusiwanyang'anye. Huko Cox's Bazar, Bangladesh, wakimbizi Warohingya walipoanzishiwa vituo vya michezo na shirika la BRAC, watu waliwauliza mama wa Kirohingya nyimbo na michezo ya kwao, zikawa ndizo masomo. Bibi zetu hapa wana hadithi za sungura na fisi. Nao wana zamu.

"Sisi tunangoja kusafiri. Kwa nini tujenge kitu hapa?" Hili ndilo swali linalotuua. Wapo waliongoja miaka kumi, na mtoto aliyekuwa na miaka minne sasa ana kumi na minne. Faili lilingoja, utoto haukungoja. Watu wa Yuda walipenda kusikia kwamba uhamisho utakuwa mfupi. Yeremia aliwaandikia wajenge nyumba, wapande bustani, wazae watoto, kwa kuwa itakuwa miaka 70. Ukiitwa kesho kwenda nchi nyingine, mtoto wako ataondoka na yale aliyoyapata. Ukiitwa baada ya miaka kumi, atakuwa nayo pia.

Na yule baba? Tulimwomba jambo moja tu: aje zamu moja, akae mpaka saa sita. Alikuja amevaa shati la Jumapili. Saa ya kwanza alikaa kwenye kiti. Kisha mtoto wake alimletea kipande cha waya na kandambili iliyokatika, akamwomba gari. Kumbe baba huyo alipokuwa mdogo alikuwa fundi wa magari ya waya. Alivua shati, akabaki na fulana, akakata magurudumu. Walimzunguka watoto tisa. Mtoto mmoja alimuuliza kwa nini gari lina magurudumu manne na si matatu, wakabishana, wakajaribu matatu, likaanguka. Saa sita ilipofika hakuwa amemaliza.

Hatudai kwamba ameshawishika kabisa. Bado anatuuliza juu ya usaili, na ana haki. Lakini jina lake liko kwenye orodha ya mwezi ujao, ameliandika mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Soma Zekaria 8:4-5. Kwa nini Mungu aliwaweka wazee na watoto pamoja katika alama moja? Katika nyumba zetu wazee na watoto wanakutana saa ngapi?
2. Wewe ulicheza mchezo gani ulipokuwa mtoto? Ulijifunza nini kwa mchezo huo ambacho hukufundishwa darasani?
3. Watoto wako wanacheza nini siku hizi? Mchezo wao unakuambia nini juu ya yale waliyoyaona?
4. Soma Nehemia 3:5 na 3:12. Sisi akina baba wa kanisa hili tuko aya ipi?

KAZI YA WIKI

Keti chini na mtoto wako nusu saa, bila simu. Usimfundishe. Mwache yeye achague mchezo, wewe umfuate. Kisha ukusanye nyumbani vitu vitano vinavyotupwa lakini visivyoweza kumdhuru mtoto, uvilete kanisani: vizibo, maboksi, vitambaa, makopo yasiyo na makali, vipande vya mbao vilivyopigwa msasa.

Jumapili ya mwisho ya mwezi, baada ya ibada, tutakutana wote kuamua juu ya kile chumba. Tunaomba kila familia isije na maoni tu, bali ije na siku inayoweza kutoa. Siku zikitosha, chumba kitabaki cha watoto. Zisipotosha, tutakuwa tumejijibu wenyewe, na hatutamlaumu mwenye nyumba wala wazee.

SALA

Baba yetu, uliyewarudisha mabaki ya watu wako, uturudishie sauti za watoto. Wasamehe waliotufukuza. Utusamehe sisi tuliowanyamazisha watoto wetu hata hatari ilipokwisha. Uwalinde waliofungiwa ndani leo. Uwape mama zao njia, na baba zao moyo wa kuketi chini. Katika jina la Yesu, aliyewakumbatia watoto. Amina.